Sura ya Sita: Pengo Mbele ya Hospitali

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami, na njia ya mabasi ilionekana kama mto uliosahau kutiririka. Rangi yake nyekundu, iliyopakwa mwaka uliopita kwa hotuba na matarumbeta, ilikuwa imefifia ikafanana na ua lililokaushwa ndani ya kitabu. Kulia na kushoto, nje ya vizuizi vya zege, magari yalikuwa yamesimama pua kwa mkia, taa zikiwaka, injini zikinguruma chini chini kama watu wengi wanaoota ndoto moja. Hata honi za karibu zilisikika kana kwamba zinapigwa mji wa pili.

Inspekta alisimama katikati ya njia hiyo tupu, mikono kwenye mifuko ya koti lake, akilitazama pengo.

Kwa kweli mapengo yalikuwa mawili, moja kila upande wa njia, yakitazamana. Kila moja lilitosha gari dogo kupita bila kujikwaruza. Ng'ambo ya pili, nyuma ya safu ya magari, lilikuwapo lango la hospitali. Hapa ndipo basi moja liliposimama ghafla jana asubuhi, ndani ya ukungu kama huu, mahali pasipo na kituo. Basi lililolifuata lilikwepa, likaparamia vizuizi vilivyosogezwa, likalala upande. Dereva wake, binti mgeni kazini, alivunjika mguu. Abiria walitoka na michubuko na vilio. Wakubwa walitaka jina, na kabla jua halijazama jina likapatikana: Kengele, dereva wa teksi, msemaji mkuu wa wote walioichukia njia hii. Leo saa nane mchana angepandishwa mahakamani kwa kosa la kung'oa vizuizi na kusababisha ajali. Akitiwa hatiani, leseni yake ingekwenda, na yeye mwenyewe angeifuata kwa miaka kadhaa.

Inspekta ndiye aliyepewa jalada. Alikuwa amelisoma mara mbili, na mara zote mbili alihisi kama anasoma hadithi iliyochanwa ukurasa.

"Mkuu," Koplo aliita kutoka ukingoni, chupa ya chai mkononi, "basi likija ukiwa umesimama hapo, mimi sikuokoi. Nina watoto."

"Una mtoto mmoja."

"Na mwingine yuko njiani. Kwa foleni hii atafika na ndevu."

Inspekta alitabasamu, akachuchumaa. Vizuizi vilivyoondolewa havikuwa vimetupwa ovyo. Kabla basi halijaviparamia vilikuwa vimelazwa sambamba na wenzao, ndani ya njia ya mabasi, vimebanwa pembeni kama wanafunzi waliopangwa mstari. Viwili ambavyo basi halikuvigusa bado vilikuwa hivyo. Vibandiko vyake vya kung'aa vilikuwa vimegeuzwa kuelekea upande mabasi yanakotokea, ili dereva avione.

"Aliyefanya hivi hakuwa na hasira," alisema.

"Kengele alisema ataving'oa kwa meno. Video ninayo kwenye simu, mji mzima unayo."

"Meno hayaachi alama hii." Inspekta aligusa lami kwa kidole. Palikuwa na umbo la mraba lililodidimia, na ndani yake vijiti vya ubao vilivyosagika. "Jeki ilisimama hapa, juu ya kipande cha ubao. Jeki nzito. Ya Kengele ikoje?"

Koplo alifikiri. "Ya kuzungusha kwa mkono. Kama kifungulio cha kopo."

"Ingenyanyua hiki?"

Koplo alikisukuma kizuizi kwa mguu. Kizuizi hakikumjali. "Ingelala chali, maskini."

"Na tazama alama iko upande gani. Ndani. Huko kwa magari, tangu alfajiri mpaka usiku, hapakosi macho. Ukiinama na jeki, watakupigia honi mpaka uzeeke. Lakini humu ndani, nani anaweza kusimama, atoe jeki, afanye kazi yake taratibu, na asiulizwe na mtu?"

Koplo alikunywa chai yake. "Basi lililoharibika."

"Au linalojifanya limeharibika."

Hapo wakasikia matairi. Sauti ilitangulia, nyororo, kama mtu anayeburuta shuka sakafuni, kisha basi lenyewe likachomoza ndani ya ukungu. Inspekta alisogea pembeni. Kabla basi halijafika pengoni, taa zake zote za ndani ziliwaka. Nyuso za abiria zikajitokeza moja moja, za manjano, kama picha zilizotundikwa ukutani kwenye sebule ya mtu. Basi likapunguza mwendo, likapita kando ya utepe wa polisi pole pole, taa zikazima, ukungu ukalimeza.

Likaja jingine. Likawasha, likapunguza, likazima.

Likaja la tatu, likiendeshwa na kijana mwenye sare ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Hilo lilipita kwa kasi, giza ndani, upepo wake ukautikisa utepe. La nyuma yake, dereva mwenye mvi, likawasha tena.

"Labda wanakushangaa wewe," alisema Koplo.

"Wamewasha kabla hawajaniona." Inspekta aliendelea kutazama kule mabasi yalikopotelea. "Pengo limefungwa tangu jana. Lakini mikono yao haijapata habari."

*

Kituoni, mke wa Kengele alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, sweta la mumewe limekunjwa magotini. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti, mwembamba wa mwili. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Afande, yule mtu anaongea sana, sikatai. Anaongea mpaka na redio, inamjibu matangazo. Lakini tangu anioe hajawahi kunyanyua kitu kizito bila kuniita nishike upande wa pili. Kama aling'oa zege, basi nikamateni na mimi, maana lazima nilikuwepo."

"Kaa, mama. Kwenye buti ya gari lake tumekuta kamba yenye saruji."

"Saruji hiyo ni ya jikoni kwangu! Tunapiga sakafu. Alibeba mifuko juzi, mmoja ukapasuka, nikagombana naye hapo hapo mlangoni. Twende ukaone. Vaa viatu usivyovipenda, maana haijakauka."

Inspekta hakwenda jikoni. Alikwenda chumba cha vielelezo, akaiweka kamba mezani chini ya taa. Aliipitisha vidoleni kutoka ncha hadi ncha. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga, na pale lilipopata unyevu lilikuwa limeganda madonge madogo. Kisha akakung'uta mezani bahasha aliyotoka nayo barabarani: chembe alizokwangua kwenye kizuizi. Hizo zilikuwa mchanga na kokoto, zilikwaruza meza.

Zege iliyokwisha kukauka haigeuki kuwa unga kwa kusuguliwa na kamba. Mke wa Kengele alikuwa anasema kweli. Lakini kamba isiyo na hatia haikutosha. Hakimu angeuliza swali lile lile ambalo wakubwa wangeuliza: kama si huyu, ni nani?

Akaagiza Kengele aletwe.

Kengele aliingia akiwa amekunja mikono, nywele zimelala upande mmoja. Hata kwenye kiti cha mahojiano alikaa kama yuko nyuma ya usukani, mgongo wima, kiwiko kikitafuta dirisha.

"Uliwaambia watu utaving'oa vizuizi."

"Niliwaambia. Na ningewaambia tena. Afande, tulikuwa na njia tatu kwenda mjini. Wakaja watu na kofia ngumu, wakachukua mbili katikati, wakatuachia moja, wakatuambia tupumue. Tukasema sawa, mabasi ni ya wote, hata mama yangu anapanda basi. Lakini mbona lango la hospitali mmeliziba? Ukitaka kuingia hospitali sasa, unalipita, unalipungia mkono, unakwenda mpaka mzunguko wa kule sokoni, unageuka, unarudi. Kwa foleni ile mtoto anazaliwa na kupewa jina kabla hujageuka! Na kituo cha basi wamekiweka wapi? Mbele ya ukuta. Nani anaishi ndani ya ukuta?"

"Basi ukaving'oa."

"Siyo mimi."

"Nani?"

"Siyo mimi."

Inspekta alingoja. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa unapanda, ukiacha mwanga wa maziwa juu ya meza. Kengele, mtu aliyekuwa na maneno ya kutosha kujaza uwanja wa mpira, aliukodolea macho ukuta kana kwamba ukuta ule ungemwamulia.

"Mkeo yuko hapo nje na sweta lako. Saa nane unakwenda mahakamani. Nimekuuliza swali la neno moja."

"Nimelisikia."

"Unamwogopa?"

Kengele aligeuka haraka. "Nani, mimi? Simwogopi mtu." Halafu akatazama chini. "Si kuogopa, afande."

Inspekta alilipokea jibu hilo bila kulishika shika. Alibadilisha njia.

"Umewahi kubeba wagonjwa?"

"Teksi gani haijabeba wagonjwa?"

"Ukawapitisha pale pengoni?"

"Kila mtu alipita pale akiwa na mgonjwa. Kwa mgonjwa tu. Asiye na mgonjwa akijaribu, wenyewe tunamzomea."

"Na basi likija?"

"Linasimama," alisema Kengele, kisha akaufunga mdomo kama aliyejiuma ulimi.

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, alijinyoosha.

"Linasimama," alirudia Inspekta kwa sauti ya chini, kama anayemwimbia mtoto. "Asante, kaka. Rudi ukapumzike."

"Sikusema kitu!"

"Hukusema. Nitashuhudia hivyo."

*

Walipokuwa njiani na Koplo kwenda karakana ya mabasi, yaani walipokuwa wamesimama kwenye foleni wakiitazama njia ya mabasi ikiwa tupu kando yao, Inspekta alimpigia simu mhandisi wa ofisi ya mipango ya jiji. Alimuuliza jambo moja: kwa nini hapakuachwa mahali pa kuvukia mbele ya hospitali?

"Ngoja nifungue mchoro," alisema mhandisi. Zikasikika karatasi. "Afande, kwenye mchoro huu lango la hospitali liko mtaa wa nyuma."

"Lilihamishwa zamani."

"Mchoro ni wa zamani zaidi."

"Hakuna aliyekuja kutazama kabla ya kupaka rangi?"

"Walikuja," alisema mhandisi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye aibu ya kweli. "Walikuja kupima upana. Walikuwa wanatazama chini."

Inspekta alikata simu. Kando yao basi likapita, likaacha upepo uliogonga vioo vya magari yote, moja baada ya jingine.

"Nianze na nani?" alijisemea.

"Aliyesimama," alisema Koplo. "Yule wa basi la mbele. Alisema mbwa alikatiza." Akatikisa kichwa. "Mbwa gani anaamka alfajiri aende hospitali?"

Dereva wa basi la mbele alikuwa mzee waliyemwita Mwalimu, kwa kuwa madereva karibu wote wa njia ile walifundishwa naye. Hakuwa kazini. Karakana ilisema ameomba ruhusa, na mahali alipo wala hapakuwa fumbo: alikuwa hospitalini, nje ya wodi ya mifupa, ameketi kwenye kiti cha plastiki na mfuko wa machungwa mapajani. Inspekta alimwona kutoka mwisho wa ukumbi. Ukumbi ule ulikuwa mrefu, sakafu yake imesuguliwa ikang'aa, na mzee alionekana kama ameketi juu ya maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Aliiona sare ya Koplo, akauvuta mfuko wa machungwa karibu.

"Hujaingia kumwona?"

"Nesi alisema amelala."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi nusu. Binti hakuwa amelala. Sauti yake ilisikika ikimbishia nesi kuhusu mto.

"Nisubiri hapa, mzee," alisema Inspekta. "Nisubiri karibu na mlango."

Binti alikuwa na uso wa duara na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mguu wake uliofungwa plasta ulikuwa umeinuliwa mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa aushike.

"Nimeshasema yote jana, afande. Basi la mbele lilisimama pasipo kituo. Nilikanyaga breki, lami ilikuwa na umande, nikaona nikimgonga nitaua watu waliokaa nyuma, nikakata kona. Vile vizuizi ndivyo vilivyonipokea."

"Ulisema kila kitu. Sasa niambie kisichokuwa na maana. Kabla hajasimama, uliona nini?"

Binti alifumba macho. "Ukungu. Basi lake, kivuli tu. Halafu..." Akafumbua. "Taa. Taa zake za ndani ziliwaka zote. Nikaona vichwa vya watu. Nikajisemea, labda abiria kaangusha kitu, anamulikiwa akitafute. Nikawaza vile Mwalimu alivyo mpole, atakuwa amewasha kwa ajili ya bibi fulani na kitambaa chake. Nilikuwa bado nawaza hivyo aliposimama."

"Aliyekufundisha njia hii ni yeye?"

"Ni yeye. Kila kitu. Wapi lami imebonyea, wapi watu huvuka bila kutazama, namna ya kuingia kituo cha ukutani bila kukwaruza. Kila kitu."

Nyuma ya Inspekta, mlangoni, machungwa yalidondoka. Moja lilibiringika polepole chini ya kitanda cha jirani, na hakuna aliyeliinamia.

"Si kila kitu," alisema Mwalimu.

Alikuwa ameingia bila kiatu chake kusikika. Binti alimtazama.

"Mzee, taa zile zilikuwa za nini?"

Mwalimu hakukaa. Alizungumza akiwa amesimama, mikono yake imeshika reli ya kitanda kwa namna madereva wanavyoshika usukani, mbali mbali.

"Ni ishara yetu. Kila anayekaribia lile pengo anawasha taa za ndani, ili wa nyuma yake ajue huenda wa mbele akasimama kumpisha mgonjwa. Taa za dharura hatuwezi. Zile chumba cha udhibiti kinaziona, msimamizi anauliza kulikoni. Taa za ndani haziulizwi na mtu."

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Msimamizi ni mjomba wako."

Ilichukua muda kabla Binti hajaelewa. Alipoelewa, hakupiga kelele. Aliutazama mguu wake.

"Mlidhani nitawasemea."

"Walidhani. Wakaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa nawe. Nikasema tungoje kwanza tumjue. Nikawa nakujua kila siku zaidi, na kila siku nasema kesho." Alifuta uso kwa kiganja. "Jana kulikuwa na gari limebeba mtu anayekohoa damu. Nikasimama. Nilikuona kwenye kioo, mwanangu. Niliona taa zako zinakuja, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba aliye nyuma yangu ni wewe."

Binti aligeuza uso upande wa dirisha. Mwanga ule wa maziwa ulikuwa umejaa wodi yote, shuka na kuta na plasta vikawa rangi moja, na katika weupe ule sauti yake ilitoka ndogo.

"Ungeniambia, mzee. Ningewasha na mimi."

Inspekta aliuliza kwa upole, maana alipaswa kuuliza:

"Nani alilifungua pengo?"

"Mimi."

"Eleza."

"Siku moja nilikuwa naendesha basi lenye abiria wachache. Kule kwa magari kulikuwa na gari jeupe, mwanamke ameketi nyuma, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Alinitazama. Mimi napita, yeye amesimama. Nilipokuwa narudi bado alikuwa pale, kama mita chache mbele. Nilipopita tena gari lilikuwa limezimwa. Mlango wazi. Mume amekaa chini kwenye lami, na lango la hospitali liko hapo, ng'ambo, ungeweza kulirushia kofia." Aliachia reli, akaishika tena. "Jumapili iliyofuata nilisimamisha basi nikasema limeharibika. Nikatoa jeki na ubao na vipande vya bomba vya kuviringishia. Nikapanga vizuizi pembeni, nikageuza vibandiko vionekane. Sikufikiri kwamba kuna siku mtu atavigonga."

"Kizuizi kimoja hakiwezi kuviringishwa na mtu mmoja wa umri wako."

"Andika mtu mmoja, mwanangu."

Inspekta alimtazama sana. Kisha akasema, "Kuna mtu atafikishwa mahakamani leo kwa ajili ya hili. Dereva wa teksi."

Mwalimu aliduwaa. "Si mlisema mnatafuta gari lililovuka? Kwenye redio walisema gari."

"Tunamshikilia Kengele. Anajua ni nyie, maana amepitishwa na nyie. Hajawataja."

"Yule? Yule anayetutukana kila asubuhi?" Mzee aliketi, mwishowe, ukingoni mwa kitanda, na Binti akausogeza mguu wake mzima kumpa nafasi. "Ana watoto?"

"Ana mke anayeshika upande wa pili."

Mwalimu hakuelewa, lakini alisimama. Aliokota machungwa yaliyo karibu, akayapanga mezani kwa Binti, na lile la chini ya kitanda cha jirani akaliacha. "Twende," alisema. "Saa nane haiko mbali, na barabara mnaijua."

"Mzee," Binti aliita alipofika mlangoni. "Mjomba nitaongea naye mwenyewe."

*

Maelezo ya Mwalimu yaliandikwa, yakasomwa, yakatiwa sahihi. Wakubwa walipiga simu, wakanyamaza, wakapiga tena. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mzee atapewa dhamana, atasimamishwa kazi, na ataitwa mahakamani. Halikuwa jambo dogo, na Inspekta hakumwambia kwamba ni dogo. Lakini Koplo alikimbia mahakamani na gari la kituo kwenda kuliondoa jalada la kwanza, na kabla ya saa nane Kengele alikuwa nje ya lango la kituo cha polisi, sweta mwilini, mke wake akimfunga kifungo cha juu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ulinyamaza," alimwambia. "Siku zote hizo naomba unyamaze, umechagua jana."

Mwalimu alitoka nyuma yao. Wanaume wawili wakatazamana juani.

"Hukunitaja," alisema mzee.

"Ungefanya nini, Mwalimu? Ulimsimamia dada yangu tukiwa na mtoto ana degedege. Hukunijua, hukuuliza. Ulisimama." Kengele alikohoa. "Ila matusi ya asubuhi siyafuti. Yale yalikuwa ya kweli."

"Sijakuomba uyafute."

Inspekta alikuwa na nakala ya maelezo mkononi, na hakuwa na gari. "Nakwenda ofisi ya mipango," alisema. "Mhandisi ananisubiri. Nataka aambiwe na watu wanaolijua pengo lile, siyo karatasi."

"Pandeni," alisema Kengele.

Basi wakapanda. Mwalimu mbele, Inspekta na mke wa Kengele nyuma. Teksi ilinusa foleni, ikaingia, ikasimama. Jua la mchana lilikuwa limeukausha ukungu wote, lakini joto lilipanda kutoka kwenye lami likitetema, na magari ya mbele yalikuwa kama yanaelea. Kando yao njia ya mabasi ilinyooka, nyekundu na tupu.

Mwalimu aliitazama muda mrefu.

"Kumbe ndivyo inavyoonekana kutoka huku," alisema.

"Ndivyo."

"Nilidhani mnatuona. Sisi tuliomo."

"Vioo vinang'aa," alisema Kengele. "Haonekani mtu."

Inspekta aliinama mbele, kati ya viti viwili. "Mhandisi ataniuliza pa kuvukia pawekwe wapi hasa. Nimwambie nini?"

"Pale pale lilipo pengo," alisema Mwalimu.

"Hapana!" Kengele aligeuka kabisa. "Pale ni karibu mno na kona, basi linakuja hulioni. Rudi nyuma kidogo, kwenye ule mlingoti."

"Kwenye mlingoti mgonjwa atashushwa wapi? Kwenye mtaro?"

"Mtaro utafunikwa!"

"Na nani? Waliouacha wazi?"

"Mwalimu, wewe umepita pale ukiwa juu, umekaa kama mfalme. Mimi nimepita chini, na mtu ananilalia begani. Nakwambia mlingoti."

"Nami nakwambia, mvua ikinyesha hapo mlingotini maji yanasimama mpaka kwenye ekseli."

"Si mshuke mkaonyeshane!" alisema mke wa Kengele.

Alikuwa anatania. Lakini wanaume wale walitazamana, Kengele akavuta breki ya mkono, milango miwili ikafunguka kwa pamoja, na kabla Inspekta hajasema kitu walikuwa barabarani, wakipenya kati ya magari kuelekea hospitali, mikono yao ikikata hewa, mmoja akionyesha kona, mwingine mlingoti. Dereva mmoja aliwachungulia dirishani akauliza wanatafuta nini. Wakamweleza wote wawili kwa wakati mmoja. Naye akatoa mkono nje, akaonyesha mahali pa tatu.

Gari la mbele likasogea kidogo. Nyuma yao honi zikaanza.

Mke wa Kengele alipumua, akakusanya sketi yake, akapita katikati ya viti hadi kwenye usukani. Alisogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akaachia breki.

"Tulia, afande," alisema. "Kwa mwendo huu, hata hatutawapita."